Ncha isiyofika milimita moja yaamua thamani ya mche wa mgomba Kampala

KAMPALA — Gunia la machipukizi yaliyong'olewa shambani na trei ya miche iliyotoka maabara huitwa kwa jina moja sokoni: mbegu ya ndizi. Mpakani ni bidhaa mbili tofauti. Gunia linabeba udongo, matunguu, fukusi, minyoo isiyoonekana kwa macho na pengine bakteria wanaoweza kuteketeza shamba la mteja aliyeko Bukoba, Kisumu au Bujumbura. Trei ilianza na kipande cha mgomba chenye upana wa kidole, kilichokatwa kwa kisu kilichochemshwa na kulelewa ndani ya chupa.

Kwa mfanyabiashara anayenunua miche Kampala na kuiuza ng'ambo ya mpaka, kujua tofauti hiyo ni kujua kama mzigo utapita Mutukula au utabaki Mutukula. Zaidi ya hapo, ni kujua kama mteja atarudi msimu ujao kununua tena au atarudi kudai fedha zake.

Siri yote iko mahali ambapo mmea unakulia.

Mnyama hukua mwili mzima. Ndama anaponenepa, kila kiungo chake kinaongezeka. Mmea unaotoa maua hukua kwa namna nyingine: una sehemu chache maalumu ambazo seli zake hazichoki kugawanyika, na kila kitu kingine, iwe jani, mzizi, ua au tunda, hutokana na sehemu hizo. Mwaka 1858 mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, Carl Nägeli, aliziita meristemu, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kugawa. Moja iko kwenye ncha ya kila chipukizi, nyingine kwenye ncha ya kila mzizi. Seli zinazozaliwa hapo huwa zinafanana zote. Zinaposukumwa nyuma na wenzao wanaozaliwa baada yao ndipo zinapochagua kazi: nyingine huwa ngozi ya nje, nyingine huwa nyama ya kati ya kuhifadhi chakula, nyingine huungana na kuwa mabomba. Bomba la kupandisha maji huitwa zailemu. La kusafirisha chakula kilichopikwa na majani huitwa floemu.

Katika mgomba, ncha hiyo haiko juu kama wengi wanavyodhani. Lile gogo refu ambalo watu hulikumbatia wakati wa kuangusha mkungu si shina. Ni mashina ya majani yaliyofungamana kama karatasi iliyoviringishwa. Shina lenyewe ni tunguu lililoko ardhini, na ncha ya kukua imekaa katikati ya tunguu hilo, karibu na usawa wa udongo. Ndiyo sababu mgomba mchanga ukikatwa juu asubuhi, ukirudi jioni utakuta jani la katikati limechomoza tena kama mshumaa. Panga halikugusa mahali pa kukulia.

Ncha hiyo hutengeneza majani kwa miezi mingi, kisha siku moja hubadili kazi. Huacha majani na kuanza kutengeneza maua. Idadi ya vichana vya mkungu huamuliwa wakati huo, ndani ya gogo, muda mrefu kabla ya mkungu kuonekana. Mchuuzi wa matooke wa Kalerwe anayelalamika kwamba mikungu ya msimu huu ni mifupi analalamikia jua lililowaka miezi kadhaa nyuma, wakati mkungu ulikuwa bado siri ya mgomba. Na kwa kuwa ncha imetumika kutengeneza ua, hakuna tena cha kukua: mgomba ule huzaa mara moja tu, hufa, na machipukizi ya pembeni huchukua nafasi.

Machipukizi hayo ndiyo yamekuwa mbegu ya mgomba tangu mababu. Matooke hayana mbegu za kupanda. Kila mgomba wa matooke kuanzia Mukono hadi Bushenyi ni kipande cha mgomba mwingine, aliyepewa na jirani, mkwe au rafiki. Utaratibu huo ulilisha Buganda kwa karne nyingi. Pia ndio uliosafirisha magonjwa.

Mwaka 2001 wakulima wa Mukono, mashariki mwa Kampala, waliona migomba ikinyauka na kugeuka njano, ndizi zikiiva ovyo kabla ya wakati wake, na gogo likikatwa linatoa usaha wa njano. Ulikuwa mnyauko bakteria, ugonjwa uliojulikana Ethiopia tangu mwaka 1968 kwenye mmea wa enseti, ndugu wa mgomba. Ndani ya miaka michache ulikuwa umethibitishwa Kongo mashariki, Rwanda, Tanzania upande wa Kagera, na Kenya, kisha Burundi. Ramani ya ugonjwa huo ukiilinganisha na ramani ya njia za biashara ya ndizi katika Maziwa Makuu, zinakaribia kulaliana.

Bakteria hao hupita njia nyingi. Nyuki na wadudu wengine huwabeba wanapotua kwenye ua dume, lile la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu. Panga lililokata mgomba mgonjwa huwapeleka kwa mzima. Majani ya kufungia mizigo nayo yamo kwenye orodha. Lakini njia inayoruka masafa marefu kwa mara moja ni chipukizi lililobebwa na mtu, kwa sababu linaweza kuwa na ugonjwa bila kuonyesha dalili yoyote siku ya kuuzwa. Mnunuzi analitazama, analiona la kijani na nene, analipa. Miezi baadaye shamba linaoza.

Hapo ndipo ncha ya kukua inapoingia sokoni.

Mabomba ya mmea ndiyo barabara kuu ya virusi na ya bakteria wa mnyauko. Ila kwenye kilele kabisa cha chipukizi, mahali ambapo seli zimezaliwa juzi na bado hazijachagua kazi, mabomba hayajatengenezwa. Kilele hicho hakifiki milimita moja. Mgonjwa anaweza kuwa mgomba mzima na ncha yake ikabaki safi. Wafaransa Georges Morel na Claude Martin walilionyesha jambo hili mwaka 1952 walipokata ncha za maua ya dahlia yaliyokuwa na virusi, wakazilea, na kupata mimea isiyo na virusi. Miaka mitano baadaye, Marekani, Folke Skoog na Carlos Miller walieleza kwa nini kipande kile kile cha mmea kinaweza kuota majani au mizizi: inategemea uwiano wa homoni mbili kwenye chakula chake. Sitokinini ikizidi, hutoka machipukizi. Oksini ikizidi, hutoka mizizi. (Kabla homoni za dukani hazijazoeleka, watafiti walitumia maji ya nazi kwenye chakula cha mimea ya chupa, na bado yapo wanayoyatumia. Kinywaji cha Mombasa na Tanga kimo kwenye historia ya sayansi hii.)

Kampala imezungukwa na watu wanaofanya kazi hiyo. Kawanda, kwenye barabara ya Bombo kaskazini mwa jiji, ndiko zilipo Maabara za Taifa za Utafiti wa Kilimo chini ya shirika la utafiti la NARO, na ndizi ni moja ya kazi zake kubwa. Buloba, kwenye barabara ya Mityana, iko kampuni binafsi ya Agro-Genetic Technologies, maarufu kama AGT, inayozalisha miche ya chupa kwa biashara. Wakenya wanafanya vivyo hivyo katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, Juja.

Kazi yenyewe inafanana popote. Chipukizi kutoka mgomba mama uliopimwa huchongwa na kuchongwa, maganda yakitolewa moja baada ya jingine, mpaka kibaki kipande cha kama sentimita moja chenye ncha katikati. Kipande huoshwa kwa dawa iliyo jamii moja na jiki, kisha huwekwa kwenye chupa yenye aga, ute mgumu unaotokana na mwani, uliochanganywa na sukari, chumvi za madini na sitokinini. Baada ya wiki kama nne kipande kimetoa vichipukizi vidogo pembeni. Fundi huvitenganisha, kila kimoja huingia chupa yake, na mzunguko unaanza upya.

Hesabu yake inavutia. Mgomba shambani hutoa machipukizi machache kwa mwaka, mara nyingi yasiyofika kumi. Kwenye chupa, kipande kinachozaa vitatu kila mzunguko kitakuwa 9 baada ya mizunguko miwili, 81 baada ya minne, na 6,561 baada ya minane. Ekari moja yenye nafasi ya mita tatu kwa tatu huchukua miche kama 450. Kwa hiyo ncha moja, kwa hesabu tu, inatosha ekari 14.

Ila maabara makini hazikimbizi hesabu hiyo hadi mwisho. Kadiri mizunguko inavyoongezeka ndivyo seli zinavyoanza kukosea. Hutokea miche mifupi kupita kiasi, yenye majani yaliyojikunja au mabaka, ambayo haitazaa mkungu wa kueleweka. Ndiyo maana huwekwa kikomo, kwa kawaida mizunguko minane hadi kumi, kisha ncha mpya huchukuliwa shambani. Mfanyabiashara ana haki ya kuuliza miche anayonunua ni ya mzunguko wa ngapi. Muuzaji anayekasirikia swali hilo amekwishajibu.

Safi si sugu

Kuna maneno yanayouzwa pamoja na miche hii ambayo hayana ukweli, na mchuuzi akiyarudia kwa mteja atajiharibia jina.

La kwanza ni kwamba mche wa maabara hauugui. Mche huo ni safi. Haimaanishi ni sugu. Ukiupanda kando ya shamba lenye mnyauko, ukaukata kwa panga lisilosafishwa, utaugua kama wengine. Kinga ya shambani bado ni ile ile: kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kisu mara kichana cha mwisho kinapotokeza, kusafisha vifaa kwa jiki au moto, na kung'oa mgonjwa mapema.

La pili ni kwamba chupa yenyewe inasafisha kila kitu. Haisafishi. Kipande cha sentimita moja kina ncha safi lakini pia kina tishu zilizoizunguka, na hizo zinaweza kubeba ugonjwa. Virusi vya ndizi ndivyo wasumbufu zaidi. Kuna virusi vinavyoenezwa na vidukari, ambavyo hufanya majani ya mgomba yasongamane wima kileleni kama shada na mkungu usitoke kabisa. Vimekuwa vikisumbua Kongo, Rwanda na Burundi, na vimeripotiwa pia kaskazini-magharibi mwa Uganda. Kinachoufanya mche uwe salama ni kupimwa kwa mgomba mama kabla ya kukatwa. Chupa bila kipimo inaweza kuzalisha wagonjwa elfu sita kwa usafi mkubwa.

La tatu linahusu miche inayolelewa kwenye visanduku vya maranda. Njia hii ni nzuri na rahisi: tunguu humenywa, ncha yake ya katikati huharibiwa kwa kukatwa msalaba, kisha hufukiwa kwenye maranda yenye unyevu. Ncha kuu ikiwa hai huwazuia wadogo wasikue. Ikifa, macho ya pembeni yaliyokuwa yamelala huamka yote. Tunguu moja hutoa miche mingi ndani ya miezi michache, bila umeme wala chupa. Lakini ugonjwa uliokuwa kwenye tunguu unaingia kwenye kila mche. Wapo wanaoiuza kwa bei ya maabara. Si miche ya maabara.

Mnunuzi anaweza kujikinga kwa macho kiasi. Mche mzuri wa chupa uliolelewa kitaluni kwa miezi miwili au mitatu una urefu unaokaribiana na wa wenzake wote kwenye trei, majani yaliyochanua vizuri, na mizizi myeupe ikitoka chini ya kifuko. Trei yenye warefu na vibeti pamoja, au yenye majani ya mabaka, iachwe. Mche uliotolewa chupani wiki hii haufai kupakiwa kwenye basi la usiku: ulizoea hewa ya mvuke na sukari ya bure, ngozi ya majani yake bado nyembamba, na utakauka kabla ya Masaka.

Karatasi za mpakani

Wengi wa wachuuzi wadogo wanaujua Utaratibu Rahisi wa Biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mzigo usiozidi dola 2,000, ukiwa wa bidhaa zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa na umetoka ndani ya Jumuiya, hupita bila ushuru kwa cheti rahisi cha uasili. Kosa ni kudhani cheti hicho kinamaliza kila kitu. Kinahusu ushuru. Mmea hai una mlango wake mwingine, na thamani ya mzigo haiangaliwi hapo: chipukizi moja linaweza kuleta ugonjwa sawa na lori zima.

Utaratibu wa kawaida huanzia upande wa mnunuzi. Nchi inayopokea hutoa kibali cha kuingiza, kikieleza masharti yake: aina gani, kutoka wapi, imepimwa nini, iwe na udongo au isiwe nao. Kenya kazi hiyo ni ya KEPHIS; Tanzania ni ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Kibali kikishapatikana ndipo mkaguzi wa wizara ya kilimo ya Uganda anapokagua mzigo na kutoa cheti cha afya ya mimea. Anayefanya kinyume, akanunua kwanza na kutafuta kibali akiwa Busia, amejiweka pabaya. Nchi inaweza kukataa machipukizi ya shambani kabisa na ikakubali miche ya chupa pekee, na udongo kwenye vifuko unaweza kukataliwa hata kama mche wenyewe ni safi. Kwa sababu hiyo baadhi ya mizigo ya mbali huenda ikiwa bado ndani ya vyombo vya plastiki vya maabara, ikalelewe kitaluni ng'ambo. Ni nyepesi, haina udongo, na mamia hukaa kwenye boksi moja. Lakini anayeipokea lazima awe na kitalu chenye kivuli na maji, na mtu anayejua kazi.

Parachichi na miembe ya kuunganishwa ni habari nyingine, japo huuzwa kwenye vitalu vile vile vya Kampala. Miti hiyo ina sehemu ya tatu ya kukulia ambayo mgomba hauna: kambiamu, utando mwembamba kati ya gome na mbao, unaotoa mbao upande wa ndani na floemu upande wa nje. Huo ndio unaonenepesha mti. Fundi anapounganisha kijiti cha Hass na shina la parachichi la kienyeji, anachotafuta ni kambiamu ya huku iguse ya kule. Zikigusana, seli hugawanyika na kuziba pengo, na mabomba huungana. Mgomba, mnazi na mhindi havina kambiamu, kwa hiyo haviunganishwi hivyo. Mtu akikuuzia mgomba wa kuunganishwa, mwache aendelee na safari yake. Kwenye parachichi, tazama kovu la maungio: liwe limefunga, nailoni isiwe imeukaba mti, na majani mapya yawe yanatoka juu ya kovu. Yakitoka chini yake, hilo ni la kienyeji linalojirudia, na mteja atasubiri Hass asiyoipata.

Kambiamu hiyo hiyo inailetea Buganda bidhaa iliyo ya kale kuliko maabara zote. Mutuba ni jamii ya mkuyu, na gome lake la ndani ndilo hutoa lubugo, kitambaa cha rangi ya udongo mwekundu ambacho Waganda walivaa kabla ya merikani iliyoletwa na wafanyabiashara kutoka pwani kukiondoa mwilini mwa wengi. Leo kinanunuliwa kwa mazishi, kwa sherehe za ufalme, na na wabunifu wanaokishona mikoba, kofia na majalada. UNESCO ilikitangaza kuwa urithi wa dunia usioshikika mwaka 2005. Makaburi ya wafalme huko Kasubi yalipoungua Machi 2010, lubugo ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyolazimika kutengenezwa upya kwa ajili ya jengo.

Mkulima yeyote anajua kwamba mti ukichunwa gome kuzunguka pande zote hufa, kwa kuwa floemu imekatika na mizizi inakosa chakula. Hiyo ndiyo njia ya kuua mti bila shoka. Mutuba huchunwa hivyo hivyo na haufi. Fundi hukwangua ngozi ya nje, hukata mduara juu na chini na mstari mmoja wima, kisha hulibandua gome polepole kwa kabari ya shina la mgomba, laini kiasi cha kutojeruhi kilicho chini. Anabakiza seli changa za kambiamu juu ya mbao. Halafu huufunika mti kwa majani ya mgomba ili seli hizo zisikauke, na ndani ya siku chache zinaanza kutengeneza gome jipya. Mti mmoja unaotunzwa huweza kuvunwa kila mwaka kwa miongo kadhaa.

Gome lenyewe hugongwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, nzito kwanza, nyepesi mwishoni, chini ya banda, maana jua likilipata mapema hukakamaa. Kipande chembamba kinaweza kupanuka mara kadhaa ya upana wake wa mwanzo. Kisha huanikwa, na jua ndilo hukipa ule wekundu.

Uvunaji hufanywa wakati wa mvua, seli zikiwa na maji na gome likiachia kirahisi. Anayetaka mzigo mkubwa wa lubugo kupeleka Nairobi au Kigali huagiza kabla ya masika, si kiangazi, kwa sababu kiangazi fundi ana vipande alivyobakiza tu, na bei ni yake.